Fundi Gasper na Ukuta wa Kulia

Shemeji yangu Gasper ana mikono mikubwa na maneno machache, na kwa miaka yote aliyoishi na dada yangu, mimi ndiye niliyekuwa msemaji wake. Ukimsalimia asubuhi, anatafakari kwanza. Nilikuwa namtania kwamba siku ya ndoa yake padri alisubiri jibu mpaka mishumaa ikakaribia kwisha. Naye akiamua kunijibu alikuwa na utani mmoja tu, uleule, kwamba Mungu aliniumba mimi na mikono ya kupigia kasia, na ya dada yangu Bernadeta aliiumba siku ambayo hakuwa na haraka. "Scola, hilo kafi liweke mbali na chai yangu," alikuwa akisema, na dada yangu anacheka mpaka anashika mbavu.

Naeleza habari zake kwa sababu mjini wanazieleza vibaya. Wapo wanaosema alikuwa amelewa. Gasper hanywi hata togwa iliyolala. Wapo wanaosema alipewa kitu kidogo na wakubwa. Hao nikikutana nao sokoni nawapita bila salamu, na nitaendelea kuwapita.

Huwezi kumweleza Gasper bila kueleza Jumba la Sanaa, kwa sababu maisha yake yote yameishia mle ndani. Mtu akikuelekeza mahali hapa Ifakara, atakwambia kabla ya Jumba au ukishalipita Jumba. Wasomi wa majengo huja na kamera, wanalala chali sakafuni kupiga picha paa, na mimi nawauzia chai na vitumbua pale getini. Lilijengwa miaka ya hamsini na bruda wa misheni, Mswisi, Bruda Beatus, na wala hakulijenga kwa ajili ya sanaa. Lilikuwa ghala la mpunga.

Baba yake Gasper alikuwa mmoja wa waashi wake. Bruda alikuwa ameshaona jinsi mto Lumemo unavyofurika, kwa hiyo akaliinua jengo juu ya matao mafupi ili maji yapite chini na kwenda zake. Kisha akasimamisha nguzo nene za matofali, pande mbili, akaweka juu yake mbao za mvule na vigae. Kuta alizijaza baadaye, katikati ya nguzo. Alisema nyumba ni nguzo, ukuta ni nguo tu, ukichakaa unavuliwa. Ukuta wa upande wa mto, ulio kushoto kwako ukiingia, aliuacha na matundu madogo mistari mistari ili mpunga upumue.

Bruda alijifunza Kiswahili kwenye vitabu vya sala, na kwake hapakuwa na mkono wa kulia. Palikuwa na kuume na kushoto, kama tunavyosali kanisani. Lete tofali kuume, vuta uzi kuume. Baba yake Gasper akaipokea lugha hiyo pamoja na mwiko na timazi, na Gasper akairithi kwa baba yake. Hata leo ukimwelekeza njia kwa kumwambia "pinda kulia," anakutazama utadhani umemwambia kuna msiba. Tulikuwa tunamcheka sana kwa hilo.

Kisha ukaja mwaka wa mvua za Elinino. Mashamba ya Michenga yalikwenda yote, vyoo vikafurika, na baada ya maji kukaja kipindupindu. Wagonjwa walijaa kuliko vitanda, ghala likafanywa kambi. Mtoto ulimwachia mlangoni, watu waliojifunika pua wakampokea, nawe ukaambiwa ukae nje. Kina mama tulikaa upande wa mto, chini ya ule ukuta, kwa sababu kupitia matundu ya Bruda ungeweza kusikia. Ulimsikia wako akiita. Siku ukiwa husikii tena, ulijua. Dada yangu alikaa hapo, huku mtoto wake wa pekee, Eliza, akiwa ndani. Eliza alikuwa na miaka minne na alikuwa anaimba wimbo wa kupura mpunga akiwa na homa, mpaka wimbo ukakatika katikati.

Hatukupewa maiti. Walizikwa pamoja, kwa chokaa, mahali ambapo mafuriko yaliyofuata yalipachimba na kupasawazisha, na sasa hakuna anayeweza kukuonyesha. Hapakuwa na matanga wala kunyoa, wala kaburi la kupalilia. Mtu asiyewahi kukosa kaburi hawezi kujua ni kitu gani.

Ugonjwa ulipokwisha, Gasper alipewa kazi ya kulisafisha ghala na kulipiga lipu upya. Alipofika kwenye ule ukuta alichanganya chokaa na mchanga, akapaka, na kina mama wakaja bila kuitwa na mtu. Mama Apolinari, aliyepoteza wawili, ndiye aliyeanza. Aliweka kiganja kwenye lipu mbichi, akakandamiza, akatoa. Wengine wakafuata. Gasper akawa anashika kibao na kusawazisha mahali kwa ajili ya kila mmoja, machozi yakimtiririka kwenye vumbi la uso. Dada yangu alikuja mwisho. Akamuuliza mumewe auweke mkono upi. Gasper akamsawazishia mahali. "Basi huu," dada yangu akasema. "Huu ndio uliomwachia."

Ulikuwa mkono mdogo, kidole cha shahada kimepinda kwa jeraha la kisu cha kuvunia. Tangu siku ile sisi tuliita mahali pale ukuta wa kulia. Ndipo tulipolilia, na ndipo tulipoendelea kulilia, maana hapakuwa na pengine.

Miaka ilipita, parokia ikalitoa ghala, na wachoraji na wafinyanzi wa bonde hili wakaligeuza kuwa Jumba la Sanaa. Kuna vyungu, mikeka, mitumbwi iliyochongwa, picha za sheshe, wale swala wa mbugani, wakinywa maji. Ukuta wetu waliuacha kama ulivyo. Waliutundikia kibao kilichoandikwa Ukuta wa Kumbukumbu, jina la ofisini, ambalo hakuna mama hata mmoja aliyewahi kulitamka.

Bernadeta na Gasper hawakupata mtoto mwingine. Dada yangu alifariki miaka michache iliyopita, kwa presha, akiwa anapepeta mchele. Baada ya arobaini Gasper alianza kuja Jumba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mlinzi, Makoye, alimfungulia. Makoye ni Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe wengi, wakaondolewa wote wakati wafugaji walipofukuzwa, na sasa analinda vinyago. Hakuhitaji maelezo marefu. Gasper aliingia, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha mkewe kwenye ukuta, akasimama, akatoka, akanywa chai yangu. Kiganja cha dada yangu kilimezwa chote na chake, ncha za vidole vyake zikiishia kwenye pingili ya juu ya vidole vya Gasper. Sikumtania asubuhi hizo. Nilimwekea sukari ya kutosha nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Kisha wakubwa wa Jumba wakataka ukumbi mpana. Wafadhili wamepatikana, jengo litapanuliwa, ukuta mmoja kati ya mbili lazima uvuliwe ili chumba kipya kiungwe. Upi? Wenye kupima walipenda wa upande wa mto, kwa sababu ya mwanga. Kina mama wakasema watakaoubomoa wabomoe na wao wakiwa wameuegemea. Vikao vikaitwa na kuahirishwa karibu miaka miwili, soda zikanywewa, na kila tulipotoka tulikuwa hatujui. Gasper alikuwa ndiye fundi wa kazi hiyo, ameshachukuliwa, na kila siku alikuwa akiuliza, "Scola, wamesemaje?" Hilo ndilo alilokuwa akilihofia maishani, hakuwa na jingine la kupoteza.

Kikao cha mwisho kilikuwa Ijumaa. Gasper alikuwa shambani huko Mchombe, anavuna, mimi nilikuwa Kidatu kwa binti yangu aliyejifungua. Iliamuliwa kwamba ukuta wetu unabaki. Watabomoa wa pili, ule wa upande wa barabara. Kina mama wawili waliokuwamo kikaoni walipiga makofi mpaka wakaambiwa wakae, wakaombwa wasitangaze, kwa kuwa padri angesoma uamuzi huo Jumapili baada ya misa, kila mtu asikie kwa pamoja. Nao, kwa bahati mbaya ya ajabu, wakaweza kunyamaza.

Gasper alirudi Jumamosi asubuhi, akaenda Jumba moja kwa moja. Akiwa pale getini na Makoye, simu ikalia. Gasper huweka simu kwenye spika siku zote, kwa hiyo maneno haya Makoye aliyasikia, na amenisimulia mara nyingi bila kubadilisha. Aliyepiga alikuwa Venance, injinia wa mradi, kijana wa Dar, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, injinia."

"Mzee, jana kikao kimeenda vizuri, michoro imepita. Naomba uanze hata leo. Jumatatu nikifika nikute ukuta wa kulia umeshashuka."

Gasper aligeuka akalitazama Jumba. Makoye anasema alilitazama mpaka yule kijana akasema haloo, haloo.

"Ukuta wa kulia?"

"Ndiyo, mzee."

"Una hakika, injinia? Wa kulia wenyewe?"

"Huohuo mzee, wa kulia. Wa pili usiguswe kabisa, nakuomba sana."

"Na kina mama wamesemaje?"

"Wale? Wamefurahi kweli. Wamepiga makofi."

"Haya," akasema Gasper.

Nimejaribu kumchukia Venance nikashindwa katikati. Yeye kwenye karatasi zake alikuwa na Ukuta wa Kumbukumbu, na alikuwa na ukuta wa kulia na wa kushoto ukiingia mlangoni. Hakuna aliyemwambia kwamba sisi neno hilo tulishalipa kazi nyingine. Na Gasper aliuliza. Watu wanaomsema wajue kwamba aliuliza mara tatu.

Makoye alimwambia aache, asubiri, hata waje mafundi wengine waifanye. Gasper akasema wengine watakuja na nyundo kubwa. "Wataushusha kama banda la kuku," akasema. "Kama unashuka, nitaushusha mimi." Aliwarudisha vibarua nyumbani. Alimwaga pumba za mpunga sakafuni, akatandika magunia juu yake, ndipo akachukua tindo na nyundo ndogo. Alitaka kuitoa ile mikono mizima mizima, kila mmoja na matofali yake, awagawie wenyewe.

Alianzia mbali, kwenye kona. Alichokoa udongo kati ya tofali na tofali kwa ncha ya tindo, akavuta polepole. Mikono kadhaa ilitoka mizima, akailaza kwenye magunia. Mingi haikutoka. Lipu ya zamani ilikuwa imeshiba unyevu wa mto, ukiigusa inaachia na kuanguka unga. Kila ulipoanguka mmoja, Makoye anasema, alisimama akataja jina la mwenye mkono, kisha akaendelea. Wa mkewe aliuacha wa mwisho. Hakuwa na moyo wa kuuanza. Alilala palepale, na Jumapili kengele za misa zilipolia hakwenda, mtu ambaye hakosi misa hata akiwa na malaria.

Hapo kipande cha mwisho kilikuwa kimesimama peke yake, kimechokonolewa pande zote. Gasper alikwenda kunawa mikono kwanza. Akiwa bado anajifuta, kipande kikashuka chenyewe. "Hakikupiga kelele kubwa, mama," Makoye aliniambia. "Kilikaa chini tu, kama mtu amechoka."

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye basi la Kidatu. Nikakutana na kina mama wametoka kanisani na kanga za Wawata, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanapiga vigelegele barabara nzima. Mama Apolinari, na miguu yake ile mibovu, alikuwa mbele. Akanikumbatia mimi na mfuko wangu wa miwa. "Scola, umebaki! Padri amesoma, ukuta umebaki!" Nilifurahi kama nilivyofurahi mara chache sana maishani. Nilimfikiria Gasper. Nilitaka nifike kabla ya mwingine yeyote, nimwambie mimi, nione kama angeweza kusema maneno mawili yanayofuatana.

Tuliingia tukiimba. Mwanga ulikuwa mwingi mno mle ndani, mto ulionekana. Gasper alikuwa amepiga magoti kwenye pumba, mweupe mwili mzima kwa chokaa, anaokota vipande vidogo na kujaribu kuvipanganisha.

"Gasper, unafanya nini?" Mama Apolinari akauliza. Bado alikuwa na tabasamu usoni, halijapata habari.

"Si mmekubali wenyewe, mama."

"Tumekubali nini?"

"Ukuta wa kulia ushuke."

"Nani kasema? Padri kasoma sasa hivi, sote tumesikia. Unaoshuka ni ule pale." Akainua mkono kuuonyesha ule ukuta wa barabarani, mzima, haukuguswa. "Ule pale, wa huku, wa ku..."

Hakulimaliza neno. Alilisikia mwenyewe kinywani mwake, na sote tukalisikia. Mkono wake ukabaki juu.

Gasper aliutazama ule mkono wa mama wa watu. Aliutazama kwa muda mrefu, jinsi anavyofanya kabla ya kujibu jambo lolote.

"Kuume," akasema.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Tulipiga yowe, na lilikuwa la msiba, likawatoa watu sokoni. Wapo waliompiga kwa ngumi za mgongoni, naye hakujikinga. Mimi nilimfuta chokaa usoni kwa kanga yangu na haikutoka. Jumatatu Venance alifika, akaonyeshwa. Nilikuwa nimemwandalia matusi tangu usiku, ya Kipogoro na ya Kiswahili. Akaketi juu ya kifusi na suruali yake safi, akaanza kulia kama mtoto. Nikampelekea chai. Hakuinywa.

Ukuta wa barabarani nao ulishuka, kama ilivyopitishwa, maana mkataba ni mkataba. Wetu waliamua ujengwe upya, kwa matofali yaleyale. Gasper ndiye aliyeujenga. Walitaka kumtoa kwenye kazi, Mama Apolinari akasema asiguswe. Aliacha matundu ya Bruda palepale, mistari mistari. Alipomaliza alipaka lipu ya chokaa, na kina mama wakaitwa warudi. Ile mikono michache iliyosalimika ilikuwa imejengewa mahali pake. Wengine walio hai waliweka upya, viganja vimesinyaa sasa, vidole vimevimba viungo. Kwa waliokufa walikuja mabinti zao. Gasper alishika kibao na kusawazisha, vilevile kama mwanzo.

Pembeni ya mkono wa Mama Apolinari palibaki mahali pa dada yangu. Eliza angekuwa mama wa watoto sasa, angekuja yeye. Watu walinitazama. Mimi ndiye ndugu, damu moja, tumenyonya ziwa moja. Nikakunja mkono wa gauni nikasogea.

Gasper akaniambia nisubiri. Aliweka kibao chini, akajifuta, akaushika mkono wangu kwa kifundo, akaweka kiganja chake juu ya changu, kama alivyokuwa akifanya asubuhi zile. Akatazama vidole vyangu vilipoishia. Vilipita ile pingili, vikaenda mbali. Nilikuwa namwomba Mungu aseme lile neno lake la kasia. Angelisema ningecheka, ningelia, ningefanya vyote.

"Wako haukumwachia mtoto, shemeji," akasema.

Akauachia mkono wangu. Akachukua mwiko, akapitisha juu ya lipu pale mahali, akarudia, mpaka pakawa laini kabisa, kisha akaenda kuosha karai.

Jumba limefunguliwa, ukumbi ni mpana na wageni ni wengi kuliko zamani. Gasper haji tena asubuhi. Chai yake sasa namtumia nyumbani. Wageni wakifika kwenye ukuta huuliza mbona hapa katikati hapana mkono. Makoye huwajibu kwamba fundi alisahau, kwa sababu Gasper mwenyewe ndiye aliyemwomba aseme hivyo.